Maswali ya Wasomaji: Kinanda Kilichopindwa Saketi na Namna ya Kukipiga Pamoja na Wenzako

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza ufundi wa kupinda saketi, yaani kufungua kinanda kidogo cha betri na kuunganisha kwa makusudi sehemu za bodi ambazo kiwanda hakikuziunganisha, ili kinanda kitoe sauti ambazo hakikuuzwa nazo. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu zote zinarudia jambo moja kwa maneno tofauti: hizo sauti za ajabu zikishapatikana, zitapigwaje pamoja na ala nyingine? Kwa sababu hiyo nimewapa nafasi kubwa wanaouliza kuhusu kulinganisha sauti, na wengine nawaomba radhi kwa kuwajibu kwa ufupi.

Habari za kazi, Mwalimu. Nimepata kinanda cha mtumba kinachotumia betri nne ndogo. Nimekifungua, ninaona bodi ya kijani na nyaya tele. Nianzie wapi, na nitajuaje mahali pasipofaa kuguswa? Na je, ni kweli kwamba ufundi huu uligunduliwa kwa ajali? – Kijana wa Walukuba, Jinja

Ni kweli. Mmarekani Reed Ghazala wa Cincinnati, akiwa bado kijana katikati ya miaka ya 1960, aliacha amplifaya ndogo ya betri ikiwa wazi ndani ya mtoto wa meza. Bodi yake ikagusa chuma, ikapiga shoti, na badala ya kunyamaza ikaanza kutoa milio ambayo hakuwahi kuisikia. Miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 1992, aliandika kuhusu ufundi huo katika jarida la Marekani la watengenezaji wa ala za majaribio, na hapo ndipo ulipopata jina na wafuasi. Katika kisa hicho naomba ukumbuke kwamba amplifaya ile ilikuwa ya betri. Kama ingekuwa imechomekwa ukutani, pengine tusingekuwa na cha kusimulia.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha bodi yako kwa simu pande zote mbili, kisha uichore kwenye karatasi kwa ukubwa wa kutosha kuandika namba kando ya kila pini. Fuata kwa jicho nyaya mbili zinazotoka kwenye betri. Mahali zinapoishia, pamoja na zile kapasita kubwa za mviringo zinazohifadhi umeme na chipu inayosukuma spika, ambayo mara nyingi huwa na bati la kupozea joto, ni eneo la kuachwa kabisa, kwa sababu shoti ya hapo haizai muziki bali moshi. Eneo lenye faida ni pembezoni mwa chipu kubwa, hasa ikiwa kuna chipu ya pili ya kumbukumbu karibu yake, kwa kuwa kati ya hizo mbili ndipo hupita data za sauti. Ukichanganya njia mbili za data, kinanda husoma kitu kingine badala ya sauti iliyohifadhiwa.

Chukua waya wenye vibanio katika ncha zote mbili, uukate katikati na uunganishe hapo rezista (kijisehemu kinachozuia umeme, na ukinzani wake hupimwa kwa omu) ya omu 1,000, ambayo itapunguza nguvu ya shoti wakati bado hujui unachokigusa. Washa mdundo mmoja wa kinanda uendelee kulia, bana ncha moja ya waya kwenye pini moja, kisha gusa pini nyingine moja baada ya nyingine kwa ncha ya pili, kila mguso ukiwa mfupi mno. Spika ikinguruma mfululizo bila kubadilika, au chipu ikipata joto la kuhisiwa na kidole, toa betri hapo hapo. Kinanda kikiganda tu, kizime na ukiwashe tena, kwani kuganda ni jambo la kawaida katika kazi hii, na ndiyo sababu kila kinanda kilichopindwa hakina budi kuwekewa swichi ya kukata betri mahali ambapo mkono hufika upesi.

Kila mguso uliokupendeza uandike: ni pini ipi kwa ipi, kinanda kilikuwa kwenye sauti ipi, na nini kilisikika. Rudia mguso huo kesho yake. Nimeona vinanda vilivyotobolewa kila mahali, vyenye safu mbili za swichi ambazo hata mwenyewe hajui zinafanya nini, na sijawahi kumsikia mtu akipiga wimbo mmoja mara mbili kwa kinanda cha namna hiyo. Swichi nne au tano, ambazo kila moja hutoa jambo lile lile kila inapowashwa, zinatosha.

Mwalimu, nimezunguka soko la Owino nikakuta vinanda vya kila namna: vya zamani vya Casio na Yamaha, na vipya vya watoto vyenye taa za rangi. Kipi kinafaa kupindwa? – Mwanafunzi, Kampala

Cha zamani, ukikipata. Vinanda vya miaka ya 1980 vilikuwa na chipu kadhaa zilizotenganishwa, zenye pini zinazoonekana na kushikika, ilhali vingi vya siku hizi vina tone moja jeusi la gundi ngumu lililofunika kila kitu. Kinachosifiwa zaidi na wapinda saketi duniani ni Casio SK-1 cha katikati ya miaka ya 1980, chenye vibonye 32 vidogo, uwezo wa kutoa nota nne kwa pamoja, na maikrofoni ndani yake inayonasa sauti yoyote kwa muda usiofika sekunde moja na nusu na kuigeuza kuwa nota. Endingidi, ile fidla ya uzi mmoja, au sauti ya mtoto anayecheka ikinaswa humo, kisha njia za kumbukumbu zikachanganywa, hutokea mambo ambayo kompyuta ya bei kubwa haiyafanyi kwa urahisi. Hata hivyo umaarufu umekipandishia bei, na sikushauri kukitafuta kwa udi na uvumba.

Fungua kifuniko cha betri kwanza. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye springi, jua kwamba betri zimewahi kuvuja, na ujadiliane bei ipasavyo. Vibonye vichache visivyolia visikutishe, kwa maana mara nyingi ni uchafu tu chini ya mpira wenye kaboni, na pamba yenye spiriti huumaliza. Tena ubovu wa namna hiyo ni hoja nzuri ya kushusha bei. Usimweleze muuzaji unakitaka kwa kazi gani.

Kile chenye tone jeusi nacho usikidharau. Hakitakupa milio mingi, lakini jirani na tone hilo huwa mara nyingi kuna rezista moja inayoamua mwendo wa saketi nzima, na rezista hiyo ndiyo inayohusika na swali linalofuata.

Ndugu Mwalimu, mimi ni kiongozi wa kikundi cha adungu, vinubi vyetu vya nyuzi, hapa Arua. Tuna adungu ndogo, za kati na kubwa, nasi hufuata sauti ya adungu kongwe ya kikundi, wala hatufuati piano. Kijana wetu mmoja ameleta kinanda cha bei nafuu, lakini sauti yetu inaangukia katikati ya nota zake mbili. Kitufe chake cha kupandisha nota kinaruka nusu toni nzima, yaani kutoka kibonye kimoja hadi kinachofuata. Kulegeza nyuzi za adungu zote kwa ajili ya kinanda kimoja naona ni kuwadharau wazee. Kuna njia? – Msomaji, Arua

Kuna njia, na ningependa kila mwenye kinanda aisome, kwa sababu kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya ufundi huu yenye manufaa kuliko zote, ingawa haina kishindo.

Nota zote za kinanda cha namna hiyo hutokana na saa moja ya ndani, yaani mapigo ya umeme ya haraka sana ambayo chipu huyagawanya ili kupata kila nota. Ukipunguza kasi ya saa, nota zote hushuka pamoja kwa kiasi kile kile, na ukiiongeza zote hupanda. Katika vinanda vingi vya bei nafuu kasi hiyo hupangwa na rezista moja. Kuitambua ni rahisi: kinanda kikiwa kinatumia betri tu, lowesha kidole na ukiweke juu ya miguu miwili ya kila rezista iliyo karibu na chipu huku nota ikilia. Utakapoigusa yenyewe, sauti itapanda, kwa kuwa ngozi yenye maji hupitisha umeme kidogo na hivyo hupunguza ukinzani. Ukizigusa zote bila sauti kubadilika, tazama kama kuna kristali, kile kijikopo kidogo cha chuma kinachong'aa, kwani saa ya kristali haikubali kubadilishwa kwa rezista; hiyo huondolewa na mahali pake huwekwa chipu nyingine ya saa inayopangwa kwa rezista, kama LTC1799, ambayo hufanya kazi kuanzia kilohezi 1 hadi megahezi 33. Kazi hiyo mpeni fundi wa redio mwenye mkono mtulivu, kwa sababu chipu yenyewe ni ndogo sana.

Sasa hesabu. Tuseme rezista mliyoipata ni ya omu 100,000. Kasi ya saa hupungua takriban kwa kadiri ukinzani unavyoongezeka, hivyo kushusha sauti kwa nusu toni moja kunahitaji omu kama 106,000, toni nzima omu 112,000, na oktavu nzima, yaani nusu toni kumi na mbili, omu 200,000. Maana yake ni kwamba mkiinua mguu mmoja wa rezista hiyo na kuunganisha kwa mfuatano potenshomita ya omu 10,000, yaani rezista inayobadilishwa kwa kuzungusha kitufe, ambayo mafundi wengi huiita volyumu, mtaweza kushusha kinanda taratibu hadi kupita kidogo nusu toni moja na nusu. Adungu ikiwa katikati ya nota mbili, mtakuwa mnashuka kutoka ile ya juu hadi mkutane, na mzunguko mzima wa kitufe mtautumia katika nafasi ndogo, jambo ambalo hurahisisha kupata mahali penyewe. Wanaofuata maelekezo ya wapenda kelele huweka potenshomita ya omu 500,000 au zaidi. Hiyo hufaa kwa mlio wa kuporomoka, lakini kwa kulinganisha sauti haifai kitu, maana unywele mmoja wa mzunguko huwapeleka mbali.

Mkitaka pia uwezo wa kupanda juu, ondoeni rezista ya omu 100,000 na badala yake wekeni ya omu 82,000 ikifuatiwa na potenshomita ya omu 50,000. Mtapata nusu toni tatu na ushee kwenda juu, na karibu tano kwenda chini. Ile rezista ya omu 82,000 msiiache, kwa sababu potenshomita peke yake ikifika sifuri saa hukimbia kupita uwezo wa chipu na kinanda huganda katikati ya wimbo, mbele ya watu.

Jambo la mwisho kwenu: bandikeni karatasi chini ya kitufe na kuweka alama ya kalamu mahali adungu kongwe inapokutana na kinanda, lakini msiitegemee alama hiyo peke yake. Nyuzi za adungu hubadilika kwa joto la mchana, na saa ya rezista nayo husogea kidogo betri zinapochoka, kwa hiyo sauti isikilizwe upya kabla ya kila onyesho, kinanda kikiifuata adungu kama ulivyotaka.

Mwalimu, baba yangu anapiga amadinda, marimba ya mbao ya Kiganda. Nimesoma jibu lako la zamani kuhusu saa ya kinanda nikadhani nitaweza kukilinganisha na amadinda, lakini kila nikipata nota moja, nyingine zinapotea. – Msomaji, Mukono

Umegonga ukuta halisi, ndugu yangu. Saa husogeza nota zote pamoja. Haiwezi kubadilisha umbali kati ya nota moja na nyingine. Muziki wa Kiganda hugawanya oktavu katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, aliandika mwaka 1950 kuhusu kinubi cha Kiganda kilicholinganishwa hivyo. Ukigawanya oktavu katika vipande vidogo 1,200 vinavyoitwa senti, kila hatua ya Kiganda huwa karibu senti 240, ilhali kinanda hukupa nusu toni za senti 100 tu, na hakuna jumla ya mamia inayotoa 240.

Lakini kuna njia ya kukaribia. Tumia vibonye vyeusi pekee, na uanzie kibonye cha katikati katika lile kundi la vyeusi vitatu. Kutoka hapo kwenda juu utapata senti 200, 500, 700 na 1,000, mahali ambapo amadinda ingetaka 240, 480, 720 na 960. Tofauti kubwa ni senti 40, na ndogo ni 20, nyingine zikiwa juu na nyingine chini, hivyo sikio halielemei upande mmoja. Ukishaanza hapo, sogeza saa hadi kibonye hicho kilingane na ubao wa amadinda unaouchukulia kuwa mwanzo. Kwa nyimbo za kasi, ambazo kila nota ni fupi, wasikilizaji wengi hawatagundua. Baba yako atagundua.

Mwalimu, huku kwetu ngoma ya larakaraka ni ya kasi. Mdundo wa kinanda changu hata ukiongezwa hadi mwisho bado ni wa kusinzia. – Mpiga muziki, Gulu

Saa ile ile inayoamua nota huamua pia mdundo, kwa hiyo itumie. Ukiiongeza kwa nusu ya kasi yake ya awali, mdundo utaongezeka kwa nusu na nota zote zitapanda nusu toni saba. Basi wewe piga vibonye saba chini ya ulivyozoea, ukihesabu vyeupe na vyeusi, na wimbo utarudi mahali pake. Kwa rezista ya omu 100,000 hiyo ina maana ya kuweka ya omu 67,000 hivi. Ngoma za kinanda zenyewe zitakuwa nyembamba na fupi, na kwa larakaraka, yenye vibuyu vinavyopigwa kwa vijiti vyembamba, naona hilo si hasara. Usiende hadi mara mbili kwa pigo moja; chipu nyingine huganda kabla ya hapo.

Mwalimu, mwanangu wa miaka kumi na minne amekifungua kinanda alicholetewa na mjomba wake, na anasema anakiboresha. Kwa kuwa betri ni ghali anakichomeka ukutani kwa adapta. Nimkataze? – Mama, Mbale

Mama, kufungua usimkataze. Adapta mkataze leo hii. Umeme wetu wa ukutani ni wa volti 240, na kinachomtenganisha mtoto na volti hizo ni adapta ambayo wewe na mimi hatujui imetengenezwaje ndani. Hata ikiwa salama, adapta nyingi husukuma umeme mwingi kuliko betri ndogo zinavyoweza, na shoti moja isiyo na mpango huunguza bodi. Mjue pia kwamba vinanda vingi vya zamani vya Casio hutaka hasi katikati ya plagi na vya Yamaha hutaka chanya katikati, kwa hiyo kuazima adapta ya jirani ni njia ya haraka ya kukiua kinanda.

Mnunulie betri nne za kuchajiwa, ambazo zikiwa nne hutoa volti 4.8, pungufu kidogo ya betri za kawaida; vinanda vingi vya betri nne huvumilia upungufu huo. Zichajiwe nje ya kinanda. Wakati wa kulehemu akae penye dirisha wazi, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa waya wa kulehemea unaouzwa kwa wingi una madini ya risasi yenye sumu ndani yake.

Mwalimu, kinanda changu kimekamilika. Nimekiwekea vichwa vya skrubu za shaba juu, nikivigusa kwa vidole sauti inayumba vizuri sana. Jumamosi ninataka kukiunganisha na spika kubwa za ukumbi. Nitumie waya gani? – Msomaji, Fort Portal

Usiunganishe kwanza. Kinanda cha betri kikiwa peke yake, vichwa hivyo vya skrubu havina madhara kwa mkono wako. Kikishaunganishwa kwa waya na amplifaya inayotumia umeme wa ukutani au jenereta, waya wa ardhi wa amplifaya hiyo unakuwa mmoja na waya wa ardhi wa kinanda, na unaugusa kwa kidole. Amplifaya ikiwa nzima na yenye ardhi iliyofungwa vizuri, hakuna tatizo. Ikiwa ni ile iliyokatwa mguu wa tatu wa plagi, kama ninavyoziona katika kumbi nyingi, hatari ni ya kweli.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuacha spika ya kinanda ilie na kuweka maikrofoni mbele yake, na kwa bahati nzuri sauti ya spika ndogo inayokoroma mara nyingi hupendeza zaidi kuliko ile ya moja kwa moja. Ukitaka waya, weka kati yao transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, ambayo hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi mbili. Sauti ichukue kwenye tundu la hedifoni kama lipo. Kama halipo, ichukue kwenye mguu wa kati wa kitufe cha sauti kupitia kapasita ya maikrofaradi 1, wala usiichukue kwenye nyaya za spika, kwa sababu katika vinanda vingine hakuna hata mmoja kati ya nyaya hizo mbili ulio wa ardhi, na ukiuunganisha na mixa utaunguza chipu inayosukuma spika. Jumamosi nenda na maikrofoni. Transfoma utaitafuta wiki ijayo.